Mahakama Mbili za Lamis

Saida, 9 Oktoba 2016

Dada Bahija mpenzi,

Usishtuke kuuona mwandiko wangu. Najua mara ya mwisho kuniona nimeshika kalamu tulikuwa shuleni, na hata wakati huo hesabu ulikuwa unanifanyia wewe. Sote wazima. Mama goti linamsumbua lakini fimbo hataki, anasema fimbo ni ya wazee. Mizeituni ya mjomba imezaa vizuri mwaka huu na amekuwekea galoni moja la mafuta, ingawa nimemwambia huko Sfax kwenu mizeituni ni mingi kuliko watu. Lamis amepoteza meno mawili ya mbele. Amegundua anaweza kupiga mluzi kupitia pengo, basi nyumba nzima hatupumui.

Barua hii anakuletea Bwana Tijani, yule jamaa yenu muuza vitambaa, na nimemwomba apokee majibu yako kila anapokuja Beirut. Kwenye simu tuendelee kusalimiana tu. Hali ya hewa, chakula, basi. Lamis alikwenda kwa babake na ile kompyuta yake ya mkononi, kumbe ujumbe wangu wote ulikuwa unaingia humo. Ghassan ameuchapisha akampelekea kadhi. Unakumbuka ile siku nilipokuandikia nimechoka, nikasema natamani nilale nisiamke? Sasa iko ndani ya faili, imepigwa mstari mwekundu.

Dada, anamtaka Lamis. Amefungua kesi kwamba mtoto akitimiza miaka saba haki ya kumlea irudi kwake. Na sheria iko upande wake, kwa sababu sisi tuko mahakama ya Jaafari, ile ya Mashia. Tulijipeleka wenyewe. Uliposhuka kwa likizo ukatukuta tunagawa biskuti za saniyura kwa majirani, ukauliza kuna harusi ya nani, nikakwambia Ghassan amehama kutoka mahakama ya Sunni kwenda ya Jaafari. Ulicheka ukasema, "Tangu lini huyu anaswali hata huko anakotoka?" Hakuhama kwa ajili ya swala. Lamis alikuwa mchanga, daktari amenikataza kuzaa tena, na kule kwa Sunni binti pekee anachukua nusu ya mali ya babake, iliyobaki inakwenda kwa baba zake wadogo. Kwa Jaafari binti anachukua yote. Wangapi hapa Saida wenye mabinti watupu wamefanya hivyo? Ghassan alimbeba Lamis mbele ya watu akasema, "Shamba la machungwa ni la huyu. Hatakuja kupiga hodi kwa ndugu yangu Adnan." Nililia kwa furaha siku ile. Niliona nimeolewa na mwanamume.

Wala hatukufikiria talaka. Nani anafikiria talaka anapogawa biskuti? Kule tulikotoka binti anakaa na mamake mpaka miaka kumi na miwili. Huku tulikohamia ni saba. Lamis anatimiza saba mwezi wa sita. Kesi inamfuata baba, alipoandikishwa yeye ndipo ninaposhtakiwa mimi.

Naogopa, dada. Nikimsuka nywele asubuhi nakaza kupita kiasi, anasema, "Mama, unavuta."

Mdogo wako,
Hanadi


Sfax, 30 Oktoba 2016

Hanadi wangu,

Barua imefika, na Bwana Tijani ameifikisha pamoja na harufu yote ya tumbaku yake. Mume wangu Hadi anakusalimu. Presha yake imeshuka baada ya mimi kumficha chumvi, sasa anakwenda kula kwa dada yake na kurudi amevimba miguu. Mwanangu mkubwa amepata kazi bandarini. Mafuta ya mjomba nitayapokea kwa mikono miwili na usirudie kumwambia upuuzi wako wa mizeituni.

Nimeisoma mara tatu. Kwanza nilikutukana, kisha nikamtukana Ghassan, kisha nikaketi jikoni. Kwa nini hukuniambia tangu alipoanza? Miaka miwili umeachika unaniambia "tuko salama, tuko salama".

Sasa nisikilize. Huku kwetu mahakama ni moja. Uwe nani, uswali wapi, usiswali kabisa, unakwenda mbele ya hakimu yule yule, na hakimu anauliza mtoto atakaa vizuri kwa nani. Usiporidhika unakata rufaa, usiporidhika tena kuna mahakama ya juu kule Tunis, basi, mambo yamekwisha. Nilipomweleza Hadi habari za kwenu alidhani nimechanganyikiwa. "Yaani mtoto ni yule yule, mji ni ule ule, na umri unabadilika kwa kuvuka barabara?" Nikamwambia ndiyo, Hadi, na barabara yenyewe si pana. Hata tulipokuwa Kuwait, Sunni na Jaafari walikuwa na mahakimu wao mbalimbali lakini chini ya paa moja, serikali moja inawapangia kazi wote. Misri wana mahakama ya familia. Ninyi tu ndio kila kundi lina mlango wake na ufunguo wake, na mkishajifungia ndani mnaanza kutafuta dirisha.

Mlete huku. Nasema wazi. Chukua ndege mje likizo, na mkishafika tutaongea. Chumba cha mwanangu kiko wazi, nimeshatandika. Lamis atasoma hapa, kuna shule mwisho wa mtaa, na hakimu wa hapa akiuona ule ujumbe wenye mstari mwekundu atajua ni mama amechoka tu. Mama wote wamechoka.

Usimwambie Mama chochote, ataongea kwa mshona nguo.

Dada yako,
Bahija


Saida, 4 Desemba 2016

Dada,

Mama mzima, Lamis alikuwa na homa, imepita. Mvua imeanza.

Nilikwenda kuomba pasipoti ya Lamis. Kijana wa dirishani alikuwa mpole, akaandika jina, akatazama kioo cha kompyuta yake. Kisha akaita mkubwa wake. Mkubwa akaniuliza, "Bibi, unajua kuna zuio juu ya mtoto huyu? Babake ameliweka tangu mwezi wa tisa." Nikasema nilikuwa naomba tu kwa ajili ya likizo. Akasema, "Likizo za siku hizi, bibi, mama wanaondoka na mabegi ya majira yote." Watu kwenye foleni wakanigeukia. Nilikusanya karatasi zangu nikatoka. Sasa Ghassan ataambiwa nilikwenda, na hilo nalo litaingia kwenye faili.

Kwa hiyo chumba kitandue, dada. Hatuji.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Wakili wangu, Bibi Sawsan, alinipeleka kwa karani wa mahakama kuuliza tarehe ya kusikilizwa. Nikamwambia karani, bado tuna muda, mtoto anatimiza saba mwezi wa sita. Karani akafungua kalenda yake ukutani. "Kwa mwaka gani, mama? Hapa tunahesabu kwa mwezi." Akahesabu kwa kidole, taratibu, bila ubaya wowote. Miaka ya mwezi mwandamo ni mifupi, dada. Lamis anatimiza saba mwezi wa tatu. Mimi niliyemzaa nilikuwa sijui mwanangu ana umri gani.

Nilikuwa nimejipangia majira ya kuchipua yote. Nilikuwa nimemwahidi tutakwenda pamoja kuchuma maua ya mchungwa kwa ajili ya maji ya maua. Wakati huo atakuwa kwa babake, na mke mpya, na mama mkwe aliyekuwa akinusa mikono yangu kabla ya kula chakula nilichopika.

Sasa Ghassan anaegesha gari mbele ya shule. Anamtazama akitoka, anampungia, anaondoka. Jana nilimbeba Lamis kuvuka barabara na ana miguu yake mizima. Aliona haya mbele ya wenzake.

Hanadi


Sfax, 2 Januari 2017

Hanadi,

Mwaka mpya uwe na heri, ingawa najua huna hamu ya kuusikia. Hadi amelazwa siku mbili na ametoka, ni ile chumvi ya dada yake. Mwanangu wa bandarini ameleta mshahara wake wa kwanza akaninunulia mtandio wa rangi mbaya kabisa, nauvaa kila siku.

Sijalala tangu barua yako. Nilikuwa nimeshamnunulia Lamis daftari na kalamu za rangi, ziko mezani, kila nikipita naziona. Nimemuuliza wakili wa hapa, anasema zuio la kwenu hata hakimu wa kwetu hawezi kuligusa. Nimemuuliza kama kadhi akihukumu, kuna wa juu yake? Anasema huko kwenu kuna mahakama kuu ya Jaafari, na mahakama mbili za madhehebu zikigongana basi mahakimu wakubwa wa nchi hukaa pamoja kuamua ni ipi yenye haki ya kusikiliza. Lakini ninyi hamgongani na yeyote. Mko mahakama moja, na mlihamia kwa hiari yenu. Aliniambia hivyo huku ananywa chai yangu.

Hanadi, kukaa kimya kwako ndiko kulikotufikisha hapa. Wewe tangu utotoni ukipigwa unasema umeanguka. Mimi siwezi. Huyu mtu alikula kwenye meza yangu, aliniita dada. Lazima awepo mtu wa kumwambia ukweli usoni. Niachie mimi.

Bahija


Saida, 20 Februari 2017

Dada Bahija,

Barua yako ya Januari imenifikia leo. Bwana Tijani alikwama na mzigo wake Izmir.

Usimpigie Ghassan. Usimwandikie. Usimpigie dada yake. Usimtume Hadi. Kama ulikuwa unataka kumwambia neno lolote kuhusu mahakama, ile ya kwanza au hii ya sasa, au miaka kumi na miwili, limeze. Nakuomba kwa jina la baba yetu aliyelala.

Usiniulize kwa nini. Siwezi kuandika hata kwenye karatasi. Bibi Sawsan anajua, mimi najua, na Mama ndiye aliyeisikia kwanza, msibani kwa watu wa ofisi ya Ghassan. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake amesikia jambo na amenyamaza. Anapika tu. Amepika mpaka jokofu halifungi.

Kesi itasikilizwa tarehe 28 Machi. Mpaka siku hiyo mimi ni mwanamke aliyekata tamaa, na ukipiga simu niambie pole kwa sauti kubwa.

Ninaogopa kuliko nilivyoogopa mwezi wa kumi na mbili. Wakati ule sikuwa na tumaini, nilikuwa nangoja tu pigo. Sasa kuna kitu kinaweza kuvunjika kwa neno moja la mtu yeyote. Nikimwona Ghassan shuleni nainamisha kichwa asije akakisoma usoni.

Lamis mzima. Meno yameanza kuota, makubwa kama ya kwako.

Hanadi


Sfax, 6 Machi 2017

Mdogo wangu,

Sitasalimia leo. Bwana Tijani amepanda basi la Tunis na nimemkimbilia na karatasi hii kituoni.

Nilishampigia. Ilikuwa mwezi wa kwanza, nilipomaliza tu kukuandikia, hata wino haujakauka. Aliitikia vizuri, "Karibu, dada Bahija, habari za Sfax." Nilimlilia, Hanadi. Nilimwambia, "Ghassan, ungebaki kwenye mahakama yako ya mwanzo, huyu mtoto angekaa na mamake mpaka miaka kumi na miwili, wala usingekuwa na la kusema. Ulihama kwa ajili yake na sasa unamnyang'anya kwa hilo hilo. Huoni haya?"

Akasema, "Najua, dada. Najua vizuri tu." Akamuulizia Hadi presha yake, akaaga.

Sijui nimevunja nini. Tangu barua yako nashika kitu kinaniponyoka. Nimevunja birika la mama mkwe. Hadi ananiambia huenda hukumaanisha hayo, huenda ni jambo lingine. Lakini uliandika "miaka kumi na miwili" kwa mkono wako, na ndiyo maneno yaliyonitoka mimi.

Kama nimempoteza Lamis, usiniandikie. Mpe Mama kalamu aniandikie yeye.

Bahija


Saida, 2 Aprili 2017

Dada yangu Bahija,

Naandika mwenyewe, kalamu sijampa Mama. Kwa hiyo pumua kwanza, kaa chini, na kama Hadi yuko karibu mwambie akuletee maji.

Mama mzima, anakusalimu, anasema birika utanunua lingine na mama mkwe alikuwa mtu mbaya hata hivyo. Barua yako ilifika jioni ya tarehe 27. Niliisoma nimesimama mlangoni na nikakaa pale pale sakafuni. Lamis akaja akakaa pembeni yangu, akauliza tunacheza mchezo gani.

Sasa nikueleze. Mkubwa wa ofisi ya Ghassan alistaafu, na kile kiti chake, kwa mgawanyo wa vyeo kwa madhehebu katika nchi hii yetu, ni cha Sunni. Siku zote kimekuwa cha Sunni. Ghassan ndiye mzee wa kazi pale, kila kitu kinamstahili isipokuwa mstari mmoja kwenye hati yake ya usajili. Basi akaanza kurudi. Kimya kimya, bila biskuti safari hii. Mama alisikia wake wa wafanyakazi wakicheka msibani: "Aliingia kwa shamba, anatoka kwa kiti." Bibi Sawsan alipiga meza kwa mkono mzima. Akasema akiandikishwa upya kabla kadhi hajahukumu, kesi haina mahali pa kukaa, lazima iende kwa Sunni, na kule ni miaka kumi na miwili. Tukamwomba Mungu Ghassan asikumbuke hilo. Ndiyo hofu niliyokuwa nayo, dada, kwamba mtu amkumbushe. Na nikaifungua barua yako nikakuta ni wewe.

Usiku ule siuandiki hapa, wala sitauandika.

Asubuhi nilimvisha Lamis gauni la bluu nikamwacha kwa Mama, kwa kuwa sikutaka anyakuliwe mlangoni mwa mahakama. Nilikuwa nimemfungia begi dogo, kama ikibidi. Ghassan alikuja na suti mpya. Kadhi ni mzee mwenye kikohozi, alisoma faili kutoka mwanzo, pamoja na ule ujumbe wangu wenye mstari mwekundu, na nilitazama viatu vyangu. Kisha Bibi Sawsan akasimama akaweka mezani hati mpya ya usajili ya Ghassan. Ilitoka wiki mbili kabla.

Kadhi akavaa miwani, akaisoma, akaisoma tena. "Mwanangu," akamwambia, "wewe si wa mlango huu tena."

Ghassan akasema, "Ndiyo, sheikh."

"Unajua kwamba kesi hii siwezi kuihukumu? Itakwenda kwa wenzetu."

"Najua."

"Na unajua kwao binti anakaa na mamake mpaka lini?"

Hapo nilimtazama. Nilitaka nione anavyoshtuka. Nilikuwa nimengoja mwezi mzima kuona uso huo, nikiuogopa na kuutamani.

"Miaka kumi na miwili," akasema Ghassan. "Niliambiwa mwezi wa kwanza. Hata kabla ya hapo nilijua."

Kadhi akakohoa muda mrefu. Akamwambia, na naapa sauti yake ilikuwa ya huruma, "Bado naweza kuahirisha. Kama mtoto huyu unamtaka, rudi ukaandikishwe ulipokuwa, uje nikusikilize. Sitakulaumu."

Ghassan akatazama saa yake. Akasema, "Sheikh, barua ya kuteuliwa inatiwa saini Alhamisi." Akainama kwa heshima, akatoka. Mlangoni alinipita karibu, marashi ni yale yale niliyokuwa nikimnunulia mimi, na akanisalimu kwa jina.

Bibi Sawsan alinikumbatia anacheka. Akasema Ghassan anaweza kujaribu mahakama kuu, anaweza kusukuma mpaka mahakimu wakubwa Beirut wakae waamue ni mahakama ipi, lakini hatafanya, maana kila karatasi atakayoleta itazua maswali juu ya kile kiti. Tumeshinda. Lamis ni wangu kwa miaka mitano, nayo wataihesabu kwa mwezi, na mimi safari hii nitaihesabu nao.

Nilitoka nje. Nilikaa kwenye ngazi ya mahakama nikalia mpaka mlinzi akaniletea kiti, akaniambia, "Pole, mama, Mungu atakupa mwingine." Alidhani nimenyang'anywa.

Dada, nilimwogopa mwanamume huyu miezi yote hii kwa sababu niliamini anamtaka mtoto. Nilimwona mbele ya shule, ndani ya gari, nikasema huyu hali, halali, anamtaka. Ulipompigia simu ukamlilia, ulimwambia bei, na yeye bei alikuwa anaijua zamani. Usijilaumu tena kwa simu ile. Hukuvunja kitu.

Niliporudi nyumbani Lamis alikuwa amekaa juu ya lile begi dogo. Mama hakuthubutu kulifungua. Akaniuliza, "Naenda?" Nikasema huendi popote. Akafurahi, akaruka, akapiga mluzi ingawa pengo linazibika na haulii vizuri. Kisha akaniuliza, "Na baba alisema nini?"

Nikamwambia babake alimgombea mpaka mwisho. Nikamwambia alipiga kelele mpaka kadhi akamtoa nje, na alilia. Ameridhika, amekwenda kumsimulia Mama, na Mama anaitikia, "Ndiyo, ndiyo, alilia sana."

Na wewe, mama yake mkubwa, siku moja akikuuliza, ndivyo ilivyokuwa.

Hanadi